Sauti Moja, Santuri Nyingi: Ella Fitzgerald na Biashara ya Kurekodi Jazi, 1935–1989

Jazi, muziki uliokuzwa na Wamarekani Weusi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na ambao uhai wake hutegemea mdundo wa kusukuma na ubunifu wa papo kwa papo, ni muziki ambao historia yake haiandikiki bila santuri. Nota huweza kuonyesha wimbo ulivyotungwa, lakini haziwezi kuonyesha jinsi mwimbaji alivyolichelewesha neno moja nyuma ya mdundo, alivyoikunja lahani, au alivyoongeza kipande ambacho mtunzi hakukifikiria. Hayo yote hubaki pale tu chombo cha kurekodi kinapokuwapo. Kwa sababu hiyo, kinachoitwa leo urithi wa jazi ni mkusanyiko wa yale ambayo kampuni za kurekodi ziliona yanafaa kurekodiwa, kwa muda ambao santuri iliruhusu, na kwa kuwalenga wanunuzi wa aina fulani.

Kazi ya Ella Fitzgerald (1917–1996) inaudhihirisha ukweli huo kwa namna ya pekee, kwa kuwa aliingia studio kwa mara ya kwanza mwaka 1935 na kutoa albamu yake ya mwisho mwaka 1989, na katika muda huo wa miaka 54 akapitia karibu kila chombo ambacho karne ya 20 ilikibuni kwa ajili ya kuhifadhi sauti. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuliona neno jazz katika majina ya bendi za dansi kama Morogoro Jazz, Tabora Jazz au Western Jazz, afahamu kuwa hapa kinachozungumziwa ni mkondo wa Marekani wenyewe, wenye masoko, sheria na ubaguzi wake. Hoja inayojengwa katika makala haya ni kwamba kilichobadilika zaidi kati ya Ella wa 1935, Ella wa 1956 na Ella wa 1973 ni mambo mawili yaliyokuwa nje ya koo lake: uwezo wa chombo cha kuhifadhia sauti, na nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua aimbe nini.

Santuri ya dakika tatu

Ella Fitzgerald alizaliwa Newport News, Virginia, tarehe 25 Aprili 1917, akakulia Yonkers, mji ulio kaskazini mwa Jiji la New York. Mama yake alifariki mwaka 1932, na katika miaka iliyofuata binti huyo alipelekwa kwanza katika makao ya yatima Weusi huko Riverdale, kisha katika shule ya serikali ya kurekebisha tabia za wasichana iliyokuwa Hudson. Tarehe 21 Novemba 1934 alishiriki mashindano ya wasanii chipukizi katika ukumbi wa Apollo, Harlem, akiwa amekusudia kucheza dansi, lakini alipoona wacheza dansi waliomtangulia walivyokuwa mahiri akaamua kuimba, kwa mtindo wa Connee Boswell aliyekuwa mwimbaji kipenzi chake, na akashinda. Miezi michache baadaye alichukuliwa na Chick Webb, mpiga dramu mwenye ulemavu uliosababishwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambaye bendi yake ilitawala ukumbi wa dansi wa Savoy, uliofunguliwa Harlem mwaka 1926 na uliokuwa miongoni mwa kumbi chache zilizowaruhusu Weusi na Weupe kucheza katika sakafu moja.

Biashara ya santuri aliyoikuta ilikuwa ndiyo kwanza inainuka kutoka katika maangamizi. Mauzo ya santuri nchini Marekani, yaliyokuwa yamefikia takriban nakala milioni 100 kwa mwaka kabla ya mdororo wa uchumi wa 1929, yalikuwa yameporomoka hadi takriban milioni 6 mwaka 1932, kwa kuwa watu waliokosa kazi walisikiliza redio ambayo haikuwatoza kitu. Mwaka 1934 Jack Kapp alianzisha tawi la Marekani la kampuni ya Decca kwa mkakati ulio wazi: kuuza santuri kwa senti 35 wakati washindani wengi waliuza kwa senti 75, na kuzisambaza kwa wingi kwa wenye masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu, mashine zilizowekwa katika baa na mikahawa ambazo mteja alizilipa ili zimpigie wimbo anaoutaka. Kapp aliamini kuwa mnunuzi wa kawaida anataka lahani inayotambulika mara moja, na imani hiyo ndiyo iliyoongoza uchaguzi wa nyimbo katika studio zake.

Santuri yenyewe ilikuwa sahani ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wenye utomvu unaotolewa na wadudu wa lakiri, na kila upande wake uliweza kubeba takriban dakika tatu tu za muziki. Katika muda huo mfupi bendi ilipaswa kupiga lahani, kuwapa wapiga tarumbeta na saksafoni nafasi ya kung'ara, na kumruhusu mwimbaji aimbe sehemu moja ya katikati kabla ya bendi kufunga wimbo. Mwimbaji wa bendi alihesabiwa kama ala mojawapo, na jina lake liliandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kiongozi. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Juni 1935, Ella alipoingia studio za Decca pamoja na bendi ya Webb na kurekodi nyimbo zake za kwanza, zikiwamo "I'll Chase the Blues Away" na "Love and Kisses".

Jinsi sauti ilivyokuwa mali ya kampuni ilionekana mwaka uliofuata. Mnamo Novemba 1936 Benny Goodman, kiongozi Mweupe wa bendi iliyokuwa maarufu kupita zote wakati huo, alimwazima Ella kwa ajili ya kurekodi nyimbo chache chini ya kampuni ya Victor, ukiwamo "Goodnight My Love". Decca ilidai kuwa mkataba wake umevunjwa, na Victor ikalazimika kuziondoa santuri hizo sokoni. Goodman na Webb waliendelea kushindana jukwaani, na katika pambano mashuhuri la bendi hizo mbili lililofanyika Savoy tarehe 11 Mei 1937 umati uliona kuwa Webb ndiye mshindi, lakini usiku huo, kama zilivyokuwa nyingi za Savoy, haukuwa na santuri ya kuuhifadhi.

Wimbo uliobadilisha hadhi ya Ella ulitoka katika mchezo wa watoto. "A-Tisket, A-Tasket", uliorekodiwa tarehe 2 Mei 1938, ulikuwa wimbo wa kitoto ambao Ella mwenyewe alipendekeza ugeuzwe kuwa wa dansi, na ambao mpangaji muziki Van Alexander, yaani mtu aliyeandika kila ala ipige nini na wakati gani, aliutengeneza pamoja naye. Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza nchini kote na inahesabiwa kuwa iliuza nakala zaidi ya milioni moja. Ella alikuwa na umri wa miaka 21, na tangu hapo watu walikwenda kumsikiliza yeye hata kama bendi ilikuwa ya Webb. Webb alipofariki Baltimore tarehe 16 Juni 1939, bendi iliendelea kwa jina la Ella Fitzgerald na okestra yake mashuhuri hadi ilipovunjika mwaka 1942, na kufikia hapo alikuwa amekwisha kurekodi na bendi hiyo takriban nyimbo 150, nyingi zikiwa nyepesi za kuwafurahisha wacheza dansi, chache zikiwa na uzito wa kudumu.

Mgomo, vita na silabi zisizo na maana

Mwaka 1942 mambo mawili yaliivuruga biashara ya santuri kwa pamoja. La kwanza ni vita, ambavyo vilipunguza shehena za lakiri zilizotoka India, hata kampuni zikaanza kuwataka wateja warudishe santuri kuukuu ili ziyeyushwe. La pili ni mgomo wa chama cha wanamuziki kilichoongozwa na James Petrillo, ambacho kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 kiliwakataza wanachama wake kurekodi mpaka kampuni zikubali kuchangia mfuko wa kuwafidia wapiga ala waliopoteza kazi kwa sababu ya redio na masanduku ya muziki. Decca ilikubali masharti mwezi Septemba 1943, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Victor na Columbia, na kwa hiyo iliwatangulia washindani wake kurudi sokoni. Kwa historia ya jazi athari ya mgomo huo ilikuwa kubwa, kwa kuwa ni katika kipindi hicho ambapo vijana wa Harlem kama Dizzy Gillespie na Charlie Parker walikuwa wakiunda mtindo wa bibopu, wenye mwendo wa kasi, koodi zilizofumwa kwa ugumu na lahani zisizotabirika, na hatua za mwanzo za mtindo huo karibu zote zilipita bila kurekodiwa.

Decca iliporejea studio ilimtumia Ella kwa namna iliyokuwa na tija kibiashara: kumuunganisha na wasanii wengine waliokuwa chini ya mkataba wake. Akiwa na kundi la waimbaji wanne la Ink Spots alitoa "Into Each Life Some Rain Must Fall", santuri iliyouzwa kwa kiasi kikubwa sana mwaka 1944. Akiwa na Louis Jordan aliimba wimbo wa mtindo wa kalipso kutoka Karibiani, "Stone Cold Dead in the Market". Na akiwa na Louis Armstrong alirekodi mwaka 1946 na tena mwaka 1950, miaka kadhaa kabla ya albamu walizokuja kusifiwa nazo. Wahakiki waliokuja baadaye wamezoea kuieleza miaka ya Decca kama miaka iliyopotezwa kwa nyimbo zisizomstahili, na ni kweli kuwa orodha ya nyimbo hizo ina mengi yaliyosahaulika kwa haki.

Hata hivyo ni Decca hiyohiyo, chini ya usimamizi wa Milt Gabler, iliyohifadhi hatua kubwa kuliko zote katika ukuaji wa Ella kama mwanajazi. Tarehe 4 Oktoba 1945 alirekodi "Flying Home" bila kuimba maneno, akitumia skati, yaani uimbaji wa silabi zisizo na maana ambapo mwimbaji hubuni lahani papo hapo kama apigavyo mpiga saksafoni. Skati haikuwa jambo geni, kwani Armstrong alikuwa ameipa umaarufu kwa "Heebie Jeebies" mwaka 1926, lakini kwa Armstrong ilikuwa kionjo ndani ya wimbo, ilhali kwa Ella iligeuka kuwa wimbo mzima wenye mwanzo, upandaji na kilele. Mwaka 1946 alizunguka na bendi ya Gillespie na kuizoeza sauti yake koodi za bibopu, na matunda ya shule hiyo yakasikika katika "Oh, Lady Be Good!" ya Machi 1947 na "How High the Moon" ya Desemba mwaka huohuo. Katika nyimbo hizo mbili masikio yanasikia jambo ambalo ni waimbaji wachache mno walioliweza wakati ule: sauti ya binadamu inayofuata kila badiliko la koodi kwa usahihi wa ala, huku ikidokeza vipande vya nyimbo nyingine kwa mzaha bila kupoteza mdundo.

Santuri ndefu na mtu aliyeielewa

Mwezi Juni 1948 kampuni ya Columbia ilitambulisha santuri ndefu, maarufu kwa herufi LP, iliyotengenezwa kwa plastiki ya vinili, iliyozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika na kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Wakati huohuo utepe wa sumaku, teknolojia iliyokuwa imeendelezwa Ujerumani na kuchukuliwa na Wamarekani baada ya vita, ulichukua nafasi ya kurekodi moja kwa moja juu ya sahani, na hivyo kuwezesha kurekodi kwa muda mrefu, kukata sehemu yenye kosa na kuunganisha sehemu bora. Mwanzoni kampuni nyingi zilizitumia santuri ndefu kukusanyia nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye santuri fupi, lakini mwezi Septemba 1950 Decca ilitoa nafasi kwa jambo tofauti: Ella akisindikizwa na piano ya Ellis Larkins peke yake aliimba nyimbo nane za George Gershwin, na albamu hiyo, *Ella Sings Gershwin*, ikawa dalili ya mapema kuwa mwimbaji huyu anaweza kubeba muda mrefu na ukimya mwingi. Decca haikulijenga wazo hilo kuwa sera. Mtu aliyelijenga alikuwa nje ya kampuni.

Norman Granz, mzaliwa wa Los Angeles, alianza mwaka 1944 kuandaa matamasha yaliyojulikana kama Jazz at the Philharmonic, ambamo wapiga jazi walioshindana kila usiku kwenye klabu waliletwa katika kumbi kubwa za muziki, wakalipwa vizuri, na kucheza mbele ya hadhira ambayo kwa masharti ya mikataba yake haikutenganishwa kwa rangi. Granz alikuwa pia miongoni mwa wa kwanza kurekodi matamasha na kuyauza kama santuri. Ella alijiunga na matamasha hayo mwaka 1949, na kati ya mwaka 1953 na 1954 Granz akawa meneja wake, lakini sauti yake ilibaki mali ya Decca, kiasi kwamba Granz aliweza kumpandisha jukwaani na hakuweza kutoa santuri ya kile alichokiimba humo.

Hali ya kijamii ambamo msanii huyo alifanya kazi haikuwa jambo la pembeni. Mwaka 1954, akiwa safarini kwenda Australia, alizuiwa Honolulu kuendelea na safari katika ndege ya Pan American ingawa alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza, na akafungua kesi ya ubaguzi dhidi ya shirika hilo. Mwezi Oktoba 1955, mjini Houston, ambako Granz alikuwa amesisitiza watazamaji wakae bila kutenganishwa, polisi walivamia chumba cha wasanii na kumkamata Ella pamoja na wengine, akiwamo Gillespie, kwa madai ya kucheza kamari. Mikataba ya kurekodi iliandikwa katika nchi hiyohiyo, na uwezo wa msanii Mweusi kuichagua kazi yake ulikuwa sehemu ya mapambano hayo.

Upenyo ulipatikana kupitia filamu. Decca ilitaka kutoa santuri ya muziki wa filamu ya *The Benny Goodman Story*, lakini baadhi ya wapigaji walioshiriki, akiwamo mpiga saksafoni Stan Getz, walikuwa chini ya mkataba wa Granz. Naye akaitoa ruhusa kwa sharti kwamba Ella aachiliwe. Baada ya hapo, mwaka 1956, Granz alianzisha kampuni ya Verve, ambayo nguzo yake tangu siku ya kwanza ilikuwa Ella Fitzgerald.

Vitabu vinane vya sauti

Kazi ya kwanza ya Verve kwa Ella, iliyorekodiwa Hollywood kati ya Februari na Machi 1956 kwa mipangilio ya Buddy Bregman, ilikuwa *Ella Fitzgerald Sings the Cole Porter Song Book*, albamu ya santuri mbili yenye nyimbo 32 za mtunzi mmoja. Ilifuatiwa na Rodgers na Hart mwaka huohuo, Duke Ellington mwaka 1957, Irving Berlin 1958, George na Ira Gershwin 1959, Harold Arlen 1961, Jerome Kern 1963 na Johnny Mercer 1964. Wapangaji muziki walibadilika kulingana na mtunzi: Paul Weston kwa Berlin, Billy May kwa Arlen, na Nelson Riddle kwa Gershwin, Kern na Mercer. Katika albamu ya Ellington, mtunzi mwenyewe pamoja na mshirika wake Billy Strayhorn walishiriki na okestra nzima, na wakatunga kazi mpya ya ala ya kumsifu mwimbaji.

Ubora wa wazo hilo ulitokana na kuelewa kuwa santuri ndefu haikuwa santuri fupi iliyorefushwa. Santuri ya dakika tatu ilinunuliwa kwa ajili ya wimbo unaovuma wiki hiyo, ikapigwa baani na kusahauliwa. Santuri ndefu iliwekwa kabatini nyumbani, ikasikilizwa usiku baada ya usiku, na kumpa mnunuzi hisia ya kumiliki mkusanyiko kamili. Granz aliielekeza kila hatua ya utengenezaji kwenye matumizi hayo, hata katika majalada: mkusanyiko wa Gershwin, uliochukua santuri tano, ulipambwa kwa michoro ya Mfaransa Bernard Buffet, na ule wa Arlen kwa mchoro wa Henri Matisse. Muda mrefu uliruhusu pia kurudishwa kwa sehemu ya utangulizi ya nyimbo hizo, yaani beti za mwanzo zilizotungwa kumwingiza msikilizaji katika hadithi ya mchezo wa jukwaani, ambazo bendi za dansi zilikuwa zimezitupa kwa kukosa nafasi.

Matokeo ya kihistoria yalikuwa mapana kuliko mauzo. Nyimbo nyingi kati ya hizo zilitungwa miaka ya 1920 hadi ya 1940 kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya New York na filamu za Hollywood, na michezo yenyewe ilikuwa imekwisha kuondoka jukwaani. Kwa kuzipanga kwa majina ya watunzi wake, Ella na Granz walizigeuza bidhaa za msimu kuwa fasihi ya muziki yenye waandishi, diwani na msomaji wake mkuu. Husimuliwa kuwa Ira Gershwin alikiri kwamba hakuujua uzuri wa nyimbo zao mpaka alipomsikia Ella akiziimba. Ni jambo la kutafakari kwamba tungo za watunzi ambao karibu wote walikuwa Weupe, wengi wao wenye asili ya wahamiaji Wayahudi, zilipata umbo lake la rejea kupitia kinywa cha mwanamke Mweusi ambaye hoteli nyingi za nchi yake zisingempokea. Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza albamu ya Cole Porter katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa umuhimu wake kwa taifa.

Mradi huo haukukosa wakosoaji. Walio wengi walisema kuwa fidla na mipangilio iliyonyooshwa iliibana jazi ndani yake, na kwamba Ella aliimba huzuni kwa usafi mno, tofauti na Billie Holiday ambaye kila neno lake lilibeba jeraha. Ukosoaji wa kwanza una uzito, kwani katika baadhi ya nyimbo za Porter hakuna nafasi yoyote ya ubunifu. Wa pili unapungukiwa kwa kuwa unadai kila mwimbaji akiri mateso yake hadharani, ilhali sanaa ya Ella ilikuwa kuutanguliza wimbo na kujiweka nyuma yake, na katika kazi ya kutengeneza rejea ya watunzi hiyo ndiyo sifa iliyotakiwa. Kwa vyovyote, Granz alijua mizani: katika miaka hiyohiyo alimkutanisha Ella na Armstrong katika *Ella and Louis* (1956), wakiwa na wapiga ala wanne tu wakiongozwa na piano ya Oscar Peterson, ambapo sauti nyororo ya mmoja na ya kukwaruza ya mwingine ziliachwa zizungumze bila kufunikwa.

Jukwaa linaporekodiwa

Upande wa pili wa kazi za Verve ulikuwa matamasha, ambayo kwa kampuni yalikuwa na gharama ndogo kwa kuwa hayakuhitaji mpangaji muziki wala okestra, na kwa msikilizaji yalimhifadhi Ella ambaye albamu hizo nane za Song Book zilimficha. Maarufu kuliko yote ni tamasha la Berlin la tarehe 13 Februari 1960, ambapo akiimba "Mack the Knife" alisahau maneno katikati ya wimbo na, badala ya kusimama, akatunga mengine papo hapo, akiwataja Armstrong na Bobby Darin waliokuwa wameuimba kabla yake, kisha akaigiza sauti ya Armstrong mwenyewe. Studio ingekikata kipande hicho. Kwa kuwa lilikuwa tamasha, kilibaki, na albamu ya *Ella in Berlin* ikampatia tuzo mbili za Grammy. Alikuwa amekwisha kupata mbili katika hafla ya kwanza kabisa ya tuzo hizo, tarehe 4 Mei 1959, na kuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kuzishinda. Jumla ya Grammy alizoshinda kwa kazi zake ni 13, mbali na ile ya heshima ya maisha aliyopewa mwaka 1967.

Mwishoni mwa 1960 Granz aliiuza Verve kwa kampuni ya MGM, akahamia Uswisi na kubaki meneja wa Ella bila kuwa mmiliki wa rekodi zake. Kazi nzuri ziliendelea kwa muda, ikiwamo *Ella and Basie!* ya 1963 iliyopangwa na Quincy Jones, lakini soko lilikuwa limehamia kwa vijana wa Beatles, na mkataba ulipomalizika mwaka 1966 haukufanywa upya. Miaka iliyofuata inathibitisha hoja ya makala haya kwa njia ya kinyume: sauti ilikuwa ileile, lakini kampuni ya Capitol ilimtaka aimbe tenzi za kanisani, kisha nyimbo za Krismasi, kisha muziki wa mashambani wa Wamarekani Weupe, na Reprise ikamjaribisha katika vibao vya wakati huo. Kila kampuni ilikuwa ikikisia mnunuzi wake ni nani, na makisio hayo hayakufanana.

Jibu lilikuja tena kutoka kwa Granz. Baada ya kurekodi tamasha la Santa Monica mwaka 1972 alianzisha Pablo, kampuni ya jazi aliyoipa jina la mchoraji Picasso, na humo Ella alirudishwa kwenye ala chache na marafiki wa zamani. Katika *Take Love Easy* (1973), ya kwanza kati ya albamu nne na mpiga gitaa Joe Pass, sauti inasikika imezama kidogo na ina mchubuko ambao haukuwapo mwaka 1956, lakini hakuna okestra ya kuuficha wala nia ya kuuficha; matamshi na mdundo vinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ulaini wa sauti. Afya yake ilipozorota kwa kisukari na maradhi ya moyo, kazi za studio zilipungua, na *All That Jazz* ya 1989, iliyotoka katika zama za sidii, ikawa ya mwisho na ikampatia Grammy yake ya mwisho. Alifariki Beverly Hills tarehe 15 Juni 1996.

Hifadhi na mapengo yake

Kwa kununuliwa na kuunganishwa kwa kampuni, rekodi za Decca na za Verve, ambazo zamani zilikuwa chanzo cha mvutano wa mikataba, leo zote zinamilikiwa na shirika moja, Universal. Umiliki wa pamoja haukuleta usalama kamili: mwezi Juni 2008 moto uliteketeza ghala katika eneo la Universal Studios huko Hollywood lililokuwa na tepe mama, zikiwamo za Decca, na ukubwa wa hasara hiyo umekuwa mada ya mabishano. Kwa upande mwingine, tepe zilizokaa bila kuchapishwa zinaendelea kujitokeza, kama tamasha la Roma la 1958 lililotolewa mwaka 1988 na lile la Berlin la 1962 lililotolewa mwaka 2020.

Mwanahistoria anayeusikiliza urithi huu hana budi kuyasoma pia mapengo yake. Ella wa Savoy anajulikana kwa vipande vya dakika tatu na matangazo machache ya redio, ingawa wacheza dansi wa Harlem walimsikia kwa saa nzima kila usiku. Ella aliyejifunza bibopu kwa Gillespie anajulikana zaidi kwa matokeo kuliko kwa mafunzo yenyewe. Na Ella wa matamasha ya mwanzo ya Granz alinyamazishwa na kifungu cha mkataba. Kinyume chake, Ella wa Song Book anasikika kwa ukamilifu, kwa kuwa chombo, soko na mwenye kampuni vilikubaliana kwa miaka minane mfululizo juu ya kazi ya kufanya. Kipaji kilikuwapo katika vipindi vyote hivyo, lakini kiasi chake kilichofika kwa vizazi vilivyofuata kilipimwa na watu walioketi upande wa pili wa kioo cha studio. Hivyo, anayetaka kulinganisha vipindi vya mwimbaji huyu, au vya mwimbaji yeyote wa karne ya santuri, anapaswa kwanza kuuliza santuri ilikuwa na urefu gani, iliuzwa kwa nani, na mkataba ulikuwa mikononi mwa nani, kabla hajatoa hukumu juu ya sauti yenyewe.